Baiskeli ya Uzi Juu ya Mguu wa Baba

Mpira wa kandambili ukiungua una harufu yake, na mimi harufu hiyo hunisimamisha njiani kama mtu aliyeitwa jina. Juzi nilipita kwa fundi viatu hapa Masasi mjini, nikamkuta anatoboa soli kwa msumari wa moto, moshi mweusi unapanda na wapita njia wanaziba pua. Nikasimama pale na kikapu changu cha mboga, nikaivuta ile harufu kwa raha zangu zote. Fundi akaniuliza, "Mama, una kiatu?" Nikamwambia sina. Akanitazama kwa huruma kidogo, akaendelea na kazi yake. Ningemweleza nini? Nilikuwa nimesharudi chumbani kwa baba yangu, nimekaa chini kwenye mkeka, natazama mikono yake.

Sisi tulikaa juu ya uwanda, njia ya kuelekea Kitangari, na maji yalikaa bondeni. Wenzangu mliokulia Newala kabla mabomba hayajafika mnajua ninachosema. Wengine niwaambie kwa kifupi. Mvua ikinyesha tulikinga maji ya bati yakaingia kwenye kisima cha saruji uani, tukayatumia kwa kubania. Mikorosho ikianza kuchanua, kisima kinaonyesha sakafu, na hapo ndipo unapojua nani ana baiskeli na nani hana. Baba alikuwa nayo. Alfajiri alishuka nayo tupu, halafu akapanda nayo ikiwa na madumu yaliyofungwa kwa mipira ya tyubu, anaisukuma kwa mikono na kifua, akapeleka maji nyumba kwa nyumba na kwenye vibanda vya chai. Chakula chetu chote kilipanda mlima ule juu ya keria. Wafanyao kazi hiyo walikuwa wengi, lakini mimi nilimwona baba kuwa ndiye mwenye mlima na wenzake wanapita kwa ruhusa yake.

Basi kiangazi kimoja mlima ukamrudisha baba akiwa amebebwa kwenye machela ya miti. Nyuma ya machela mtu mmoja aliikokota baiskeli, nzima, haina hata mkwaruzo, na nakumbuka niliichukia kwa uzima wake ule. Walimpeleka hospitali ya misheni, mama akaenda kumuuguza, mimi nikabaki na bibi, mama yake mama. Waliporudi, mguu wa kulia wa baba ulikuwa umefungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu, kuanzia pajani hadi karibu na vidole. Akalazwa chumba cha mbele, mguu umekunjwa kidogo gotini, goti limeinuliwa juu ya mito na gunia lililokunjwa, akaambiwa asikanyage chini mpaka atakapoitwa tena.

Alirudi na mguu mbovu, ila alirudi na ufundi mpya. Wodini kitanda cha pili alilala mzee mmoja wa Lupaso aliyekuwa akifuma kofia kwa spoku mbili za baiskeli alizozichonga ncha kwenye saruji. Baba hakuwa mtu wa kukaa bure. Akaomba afundishwe, na alipotoka hospitalini tayari alikuwa na nusu ya kofia. Kwetu mwanamume kushona au kufuma kofia si kituko, kwa hiyo hakuna aliyesema neno. Walisema baadaye, kofia ilipowekwa kando.

Kilichotangulia ni kuja kwa mjomba, kaka yake mama. Mnajua kwetu mjomba akikohoa nyumba nzima inanyamaza. Alikaa kwenye kiti, akamjulia hali baba, akakitazama kisima chetu kilichokauka, kisha akasema baiskeli isilale bure, ataichukua aiangalie, na sisi tutaletewa maji. Maneno mazuri kabisa. Ila kila mtu mle ndani alijua kwamba kitu kikishaingia kwa mjomba hakitoki, na baiskeli ikienda, baba akipona ataponea nini?

Mama alikuwa anachambua kunde. Hakuinua kichwa.

"Baiskeli haitoki, kaka. Nitashuka nayo mwenyewe."

"Nnungu wangu!" bibi akapiga kofi la mshangao. "Tangu lini ntu wa kike akashuka mlima na baiskeli ya maji?"

"Mama Somoe," baba akasema kutoka kitandani, Somoe ndiye mimi, "mlima ule si wa kuchezea."

"Nani kasema naenda kucheza?"

Mjomba akacheka, akaaga, akasema atarudi baada ya Ijumaa mbili kuichukua, mama akishachoka na utani wake. Baba aligeukia ukutani. Siku nzima spoku zake zilikaa kimya juu ya shuka. Mimi nilidhani amekasirika.

Kesho yake asubuhi akaniagiza nimletee kile kikopo cha spoku za akiba, koleo, na kandambili yangu moja iliyokuwa imekatika. "Na kijinga cha moto," akasema. Nikaleta. Akaichoma spoku mpaka ikawa nyekundu, akatoboa soli ya kandambili, na chumba kikajaa ile harufu. Alikata duara mbili nyembamba, safi, akazitazama kwenye mwanga wa dirisha, akakata tena kidogo. Nikauliza anatengeneza nini. Akasema, "Baiskeli." Basi. Mwili wangu wote ulijaa furaha, maana katika akili yangu hakukuwa na mtoto mwingine wa kutengenezewa baiskeli ndani ya nyumba ile.

Mimi si mtu wa kusifu ovyo, waliofanya kazi nami watawaambia. Lakini nasema, sijaona mikono kama ile. Alikunja spoku akapata fremu, akakunja nyingine akapata ringi. Kisha akaanza kufuma. Kila waya aliufumia soksi yake, akaivisha, akaikaza kwa nyuzi alizozichomoa kwenye mdomo wa gunia la korosho. Nyuzi za gunia zilimchana vidole. Pedeli alichonga kwenye kipande cha kibuyu kilichovunjika. Siti aliifuma kwa uzi wa soksi yake mwenyewe, ile ya mguu wa kulia ambayo haikuwa na kazi tena, akaijaza pamba ya sufi. Breki zilikuwa vipande viwili vya mpira wa tyubu, na ukivuta kijiuzi vinabana gurudumu kweli! Nilimuuliza kwa nini asiache waya mtupu, mbona ungependeza na kung'aa. Akanijibu bila kuacha kufuma, "Waya mtupu unateleza. Uzi unashika." Sikuelewa unashika nini.

Nyuzi za gunia zilipokwisha kazi ikasimama. Siku hiyohiyo akaja Baba Sharifa, Myao wa Masasi aliyekuwa akizunguka vijijini na robota la mitumba, na ambaye kwa utani wa Wayao na Wamakonde alijiona ana haki ya kumsema baba hata kwenye kitanda cha ugonjwa.

"Mtani! Nimesikia ya chuma imekushinda. Sasa unajifumia ya kwako?"

"Haikunishinda, mtani. Ilinilalia tu."

"Ikikulalia ndiyo imekushinda! Au nyie Wamakonde mna hesabu yenu?"

Bibi alicheka mpaka akashika mlango. Baba naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi, mkono mmoja ameushika mguu usitikisike. Baba Sharifa akafungua robota, akapekua, akamtupia sweta jekundu la mtoto lililoliwa na mende mkono mzima. "Hili hata Mmakonde hanunui. Fumua." Kisha akaketi kitako kwenye mkeka wangu, akamshikia uzi baba alipokuwa akiufumua, na utani ukaisha pale. Nakumbuka aliigeuza ile fremu mikononi mwake kwa muda mrefu, akairudisha taratibu sana.

Matairi yakavishwa uzi mwekundu. Mimi kwa upande wangu nilishafanya maandalizi. Nilikuwa na mwanasesere wa gunzi la muhindi, nikamshonea kanga ya kuvaa siku ya kupanda. Shuleni nilishatangaza kila kona kwamba baba ananifumia baiskeli, na nilishachagua nani ataruhusiwa kuigusa na nani hataruhusiwa kabisa. Kwa hiyo ilipomalizika, ndogo, ya kutosha kusimama juu ya viganja viwili, nikanyoosha mikono.

"Usiguse," baba akasema. "Hii ya mama yako."

Nilitoka nje, nikalia nyuma ya kisima. Sikulia kwa uchoyo tu. Nililia kwa sababu nilidhani baba ameharibika akili. Bibi aliwahi kusema sindano za hospitali zikizidi humrudisha mtu utotoni, na mimi sasa niliona ushahidi wote: mtu mzima anafuma kidude cha kuchezea halafu anampa mtu mzima mwenzake. Mbaya zaidi, mama alikipokea. Akafunga mlango nusu, akaketi ukingoni mwa kitanda, na wale wazazi wangu wawili wakaanza kucheza.

Nilirudi kuchungulia. Baba alikuwa amechukua kipande cha mkaa na anachora juu ya hogo lake. Alianzia karibu na vidole, mstari ukapanda, ukapinda, ukapanda tena, ukapinda sana juu kidogo ya kifundo cha mguu, ukaendelea kwenye muundi hadi gotini. Aliweka alama za miti na mawe. Nilisikitika kuona plasta nyeupe ya hospitali ikichafuliwa, nikajiambia daktari akiona atamchapa. Ilipokuja kukatwa baadaye, mkataji aliita wenzake waje waone, wakacheka, na mmoja wao akasema, "Huku si kwetu Newala huku?"

"Hapa chini ndiyo majini," baba alimwambia mama. "Gotini ndiyo nyumbani. Kushuka si shida, breki ya nyuma kwanza, ya mbele usiiguse. Sasa tazama kupanda."

Kutoka mfukoni mwa shati akatoa vichupa vitupu vya sindano alivyorudi navyo hospitalini. Alivijaza maji kutoka kwenye kikombe, akavifunika kwa vizibo vyake vya mpira, akavifunga vyote kwenye keria ile ndogo. Akaisukuma baiskeli kwenye mstari wa mkaa. Matairi ya uzi yalishika plasta, hayakuteleza. Ilipofika kwenye ule mpindo mkubwa, palipoinuka zaidi, gurudumu la mbele likanyanyuka lenyewe, baiskeli ikasimama kama mbuzi anayefuata majani, ikageuka ikaanguka kwenye shuka.

Mama alishtuka, akashika mdomo. Tangu baba aumie hakuwahi kusema kwa nini ilimlalia. Watu walisema kateleza, naye akawaacha waseme.

"Hivyo," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa na haraka, nikafunga yote nyuma. Nilipotaka kuizuia isinirudie, ikaniangukia."

Kisha akakifungua kichupa kimoja, akakitundika mbele, chini ya usukani. Akaisukuma tena. Pale konani gurudumu la mbele likakaa chini, limetulia. Akamfundisha kukata njia kwa mshazari, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu kabla ya kupumzika, mkono gani ushike siti na mkono gani ushike usukani. "Ikianza kukushinda, iache. Iache ianguke, wewe ruka pembeni. Umenisikia, Mama Somoe? Mimi sikuiacha."

"Nimesikia."

"Sema utaiacha."

"Nitaiacha, Baba Somoe."

Siku zilizofuata walirudia hivyo hivyo kila alasiri. Uani mama alijizoeza kwa baiskeli yenyewe, madumu yamejazwa mchanga, bibi akicheka na kulalamika kwa pamoja. Lakini uani kwetu ni tambarare kama meza, na mlima hauwezi kuletwa uani. Mlima ulikuwa kitandani. Mama aliipandisha ile baiskeli juu ya mguu wa baba mpaka mstari wa mkaa ukafutika na kuchorwa upya, huku baba akimkatiza, "Jiwe! Hujaweka jiwe!" na mimi nikiwa mlangoni na mwanasesere wangu, nawaonea aibu.

Alhamisi ya pili, kesho yake ikiwa Ijumaa ya mjomba, mama aliondoka alfajiri. Alijifunga kanga mbili kiunoni, akafungua mlango wa mbele, akaitoa baiskeli. Nilisikia cheni ikilia mpaka ikapotea. Bibi akaenda shambani kuokota korosho, akasema hawezi kukaa nyumbani moyo unamdunda. Mimi nikaambiwa nisiende shule, nikae na baba.

Mlango wa mbele uliachwa wazi na jua lilikuwa linaingia. Baba akaichukua baiskeli ya uzi, akaiweka gotini.

"Somoe, kivuli cha mlango kimefika wapi?"

"Kwenye mkeka, baba."

Akaishusha kidogo. Akangoja. Akaniuliza tena kivuli, akaishusha tena, ameshika kijiuzi cha breki ya nyuma. Nilikuwa bado nina kinyongo, nikawa namjibu kwa mkato. Aliposema, "Sasa yuko majini, nipe kikombe," nikampa, naye akajaza vichupa, akavifunga, kimoja mbele. Nilimwona anatumia muda mwingi kwenye kufunga, na midomo yake inasema kitu bila sauti. Ndipo akaanza kupandisha.

Alikuwa anasukuma kwa kivuli. Kivuli kikisogea, naye anasogea. Akifika alipochora jiwe, anaegesha kidole nyuma ya gurudumu, anapumzika kama mtu anayehema. Jasho lilikuwa linamtoka kweli, mtu aliyelala kitandani! Akaipita alama ya kwanza, akaupita mpindo mdogo, akafika pale konani.

Akasimama.

"Kivuli kimefika wapi?"

"Kwenye kinu."

Hakusukuma. Nikangoja. Nje kuku walikuwa wanaparura. Kivuli kikatoka kwenye kinu kikaanza kupanda mguu wa kiti.

"Baba, kimeshafika kwenye kiti."

"Nimesikia."

"Sukuma basi."

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Nikautazama mkono wake. Vichupa vilikuwa vinagongana kwa mlio mdogo sana. Hapo ndipo nilipoelewa, tena kwa mara moja, kwamba hakuna aliyekuwa anacheza mle ndani. Ile haikuwa baiskeli ya mtoto. Nyuma ya siti ile ya soksi alikuwa mama yangu, anasukuma, na baba hakuwa na ujasiri wa kumpitisha mahali ambapo mlima ulimvunja yeye. Kinyongo chote kiliniisha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nilimpenda baba yangu kwa namna ambayo sijui kama nimewahi kumpenda mtu mwingine. Nikanyoosha kidole changu, nikakiweka nyuma ya gurudumu, mahali pa jiwe, isirudi nyuma. Baba hakunikataza. Tukakaa hivyo, yeye ameshika usukani, mimi nimeshika gurudumu, macho yetu mlango wa mbele, kivuli kinapanda kiti na wala hatukisemi tena.

Sauti ilitokea nyuma yetu, mlango wa uani.

"Baba Somoe! Mimi nimeshafika. Wewe bado uko konani?"

Alikuwa amesimama pale, kanga zimelowa mpaka magotini, vumbi jekundu usoni, na kiwiko kimoja kimechubuka. Nyuma yake uani niliona baiskeli imeegemea kisima, na madumu yote yako juu yake, dogo likiwa mbele. Baba machozi yalimtoka waziwazi mbele yangu, wala hakujificha ukutani. Mama akaja, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanitoa kidole changu taratibu. Kisha akaichukua ile baiskeli kutoka mkononi mwa baba, akaipitisha konani mwenyewe, akaisukuma mpaka gotini.